Goti la Kushoto la Afra

Timu ya wasichana ya mpira wa kikapu ya chuo kimoja cha binafsi huko Ghubra, Maskati, ilikuwa imeshinda mechi kumi na moja mfululizo, na kati ya watu wake wote alikuwepo mmoja ambaye ushindi ule haukumlevya. Huyo alikuwa Nasriya binti Humaid, karani wa ofisi ya michezo, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu. Kazi yake rasmi ilikuwa kugonga mihuri kwenye ruhusa za wanafunzi, kuweka nafasi za ukumbi, na kuzihesabu jezi zinaporudi kutoka kwa dobi.

Kazi isiyo rasmi ndiyo aliyoipenda. Miaka minne nyuma, siku ya mechi, mtu wa kuandika kitabu cha mchezo hakutokea, na kocha akauliza kwa Kiarabu, bila matumaini, kama yupo yeyote ukumbini anayejua kukiandika. Nasriya akainua mkono. Watu walidhani anatania. Akaketi, akavuta kitabu, na dakika arobaini baadaye kila mtupo na upande wake, kila faulo na kila mpira uliopotea ulikuwa umekaa mahali pake kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Tangu siku ile hakuna aliyetafuta mtu mwingine.

Mwandiko ule aliutoa Tabora. Huko ndiko alikozaliwa, kwenye nyumba ya Waarabu wenye duka la vitambaa, na huko ndiko alikocheza mpira wa kikapu miaka yote ya sekondari, mfupi lakini mwepesi, mwenye macho yanayoona mtu aliye nyuma yake. Mwaka wa tisini baba yake akaihamishia familia Maskati. Nasriya alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuja na viatu vyake vya mpira ndani ya sanduku, akakaa navyo mwaka mzima akisubiri kusikia kwamba kuna mahali wasichana wanacheza, halafu akampa mdogo wake avivalie shuleni. Akasoma kupiga chapa, akaolewa na Ghaith, akalea binti ambaye sasa ameolewa Sohar. Ghaith alipofariki, miaka sita iliyopita, kaka yake aitwaye Thabit, ambaye ni mkuu wa shughuli za wanafunzi pale chuoni, ndiye aliyemtafutia shemeji yake kazi. Nasriya hakuisahau fadhila ile. Thabit naye hakuisahau.

Wiki tatu kabla ya mashindano ya vyuo, kocha wa timu alikuja ofisini kwa Nasriya na vikombe viwili vya karatasi vya chai ya maziwa. Kocha huyo, Hadeel, alikuwa binti wa miaka thelathini na minne, wa familia ya Unguja, aliyesomea mambo ya michezo nje. Wachezaji wake alisema nao Kiarabu. Kiswahili alikitumia alipokuwa na haja.

“Bi Nasriya,” alisema, “kila mtu ananiambia sisi ni wazuri. Mkuu wa chuo ananiambia, wazazi wananiambia, hata timu tulizozipiga zinaniambia. Mimi nataka mtu mmoja aniambie tutapigwa wapi.”

Alieleza kwamba alikuwa na programu kwenye kompyuta yake, lakini ilimhesabia pointi tu, na pointi zilikuwa nyingi. Alitaka mtu avisome vitabu vyote vya msimu, mstari kwa mstari, aandike udhaifu wa timu bila kumwonea haya yeyote. Akiifanya kazi hiyo, akasema, basi kwenye mashindano hatakaa tena meza ya waandishi. Atakaa benchi, pamoja na timu, na atavaa koti la timu lenye jina lake, na chini ya jina litaandikwa neno la Kiarabu la mchambuzi.

Nasriya alijibu kwamba atajaribu, kwa sauti ya mtu anayeombwa kupeleka barua posta. Hadeel alipotoka, alifunga mlango, akasimama katikati ya chumba kile kidogo chenye harufu ya mipira, na ilibidi aushike mdomo wake kwa mkono.

Ijumaa na Jumamosi alikaa nyumbani kwake Hail, kwenye meza ya kulia, toka kahawa ya asubuhi mpaka adhana ya alasiri, na vitabu vya mechi kumi na moja mbele yake. Alianza na yaliyo wazi. Wasichana wale walikuwa wakikosa karibu nusu ya mitupo ya adhabu, na hakuna aliyejali kwa sababu hawakuwahi kushinda kwa chini ya pointi kumi. Halafu akaona kwamba mara mbili walipokutana na timu iliyowabana uwanja mzima, tangu chini ya kikapu chao wenyewe, walipoteza mpira kila Afra alipokuwa nje. Afra akiwa ndani, hakuna lililoharibika. Ndipo akageukia vitabu upya na kumfuata Afra peke yake.

Afra alikuwa na miaka ishirini, msichana wa Darsait, mrefu, mwenye mabega ya mwogeleaji na kicheko kilichosikika mpaka kwenye maegesho. Ndiye aliyekuwa timu yenyewe, na watu walisema hivyo kwa sifa. Kitabu kilisema hivyohivyo lakini si kwa sifa. Katika dakika arobaini za mchezo, Afra alikuwa akicheza thelathini na nane. Mwanzo wa msimu alikuwa akiingia kwenye kikapu kwa upande wa kushoto na wa kulia sawasawa. Tangu mechi ya saba, kwenye robo ya mwisho, hakuingia kushoto hata mara moja. Mitupo yake ya mbali ilianza kuwa mifupi, ikigonga ukingo wa mbele. Nasriya alijua maana ya mtupo mfupi. Mpira hurushwa kwa miguu kabla haujarushwa kwa mikono.

Jumapili hakusema kitu. Alikwenda mazoezini na karatasi ya kuhesabia, akakaa juu kwenye viti. Afra aliruka mara thelathini na tatu mbele ya macho yake, na mara thelathini na moja alitua kwa mguu wa kulia. Mazoezi yalipokwisha, wenzake waliziteremka ngazi za ukumbi wakikimbizana. Afra aliteremka wa mwisho, kidato kimoja kimoja, mkono kwenye chuma.

Ripoti aliiandika kwa Kiswahili kwanza, kisha akaitia kwenye Kiarabu cha ofisi. Ilikuwa kurasa nne. Kwenye ukurasa wa tatu aliandika: Afra ana maumivu kwenye goti la kushoto. Apimwe na daktari kabla ya mashindano. Asipopimwa, asicheze. Chini yake akaandika kwamba yupo msichana wa akiba, Mazoon, mkimya, aliyecheza dakika thelathini na moja tu msimu mzima, na kwamba katika dakika hizo timu ilipoteza mpira mara mbili. Alipendekeza Mazoon azoezwe kuushika mpira wakati timu inapobanwa, ili Afra apumzike.

Kabla ya kuikabidhi, aliona ni haki kumwita Afra mwenyewe. Msichana akaja na kuketi juu ya kasha la mipira. Nasriya akamwuliza ameumia lini.

Afra alicheka kwanza. Alipoona Nasriya hacheki, akasema yote. Alianguka mazoezini mwezi uliopita, goti likajipinda. Nyumbani analitia barafu bafuni mama asione. Asubuhi huuma, mpira ukianza huacha, halafu robo ya mwisho huanza tena. Watu wa kuteua timu ya taifa wangekuja kutazama mashindano, alishaambiwa. Kama si mwaka huu, mwakani atakuwa anamaliza masomo, na nyumbani tayari kuna maneno ya posa.

“Khala Nasriya,” alisema, akimwita kama anavyoitwa mama mdogo, “nakuomba usiandike.”

Nasriya alimwambia atafikiri. Jibu hilo alilirudia mwenyewe kichwani mara nyingi sana siku za mbele, kwa kuwa halikuwa ndiyo wala hapana, na msichana yule alitoka akiwa ameshika alichotaka kukisikia.

Kesho yake Thabit akamwita juu. Ofisi yake ilikuwa na dirisha pana linaloangalia barabara, na feni ndogo mezani juu ya ubaridi wa kiyoyozi, kwa sababu Thabit hakuwahi kuona baridi imetosha. Alikuwa ameisikia habari ya ripoti kutoka kwa Hadeel, na kwa kuwa nakala ingepita kwake kabla ya kwenda kwa mkuu wa chuo, alitaka kuiona. Nasriya alikuwa nayo mkononi. Akaisoma yote, taratibu, akisifu huku na huku. Kwenye ukurasa wa tatu akaiweka chini.

Alimweleza shida yake bila ukali. Karatasi ikiandikwa kwamba mchezaji ni mgonjwa, kisha akacheza, chuo kitaulizwa. Asipocheza, timu ikafungwa, atakayeulizwa ni yeye Thabit, aliyemwahidi mkuu wa chuo kombe.

“Hilo goti limesemwa na daktari?” aliuliza.

“Hapana.”

“Limesemwa na kitabu chako. Shemeji, mimi sikwambii useme uongo. Nakwambia punguza. Andika aangaliwe, atumike kwa uangalifu. Hadeel ana akili, ataelewa.”

Kisha akamwuliza habari za binti yake wa Sohar, na akasema kwamba marehemu Ghaith angefurahi sana kumwona mkewe amevaa koti la timu.

Nasriya alishuka ngazi akijiambia kwamba ataiacha ripoti ilivyo. Aliamini hivyo mpaka alipofika mezani kwake. Hapo akaanza kufikiri kwamba kweli yeye si daktari. Akafikiri kwamba msichana mwenyewe, mwenye goti, ndiye aliyeomba. Akafikiri kwamba Thabit anaweza kuizuia ripoti nzima, na mambo ya mitupo na ya kubanwa yakapotea nayo. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini baadaye, alipokuwa hana tena sababu ya kujificha, alikiri moyoni kwamba lililomshinda halikuwa hata moja kati ya hayo. Koti lilikuwa limeshaletwa kutoka kwa fundi. Lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango, la buluu, na jina lake limetariziwa kifuani kwa uzi mweupe, na alikuwa amelijaribu mara tatu juu ya abaya yake. Miaka thelathini na nne aliingoja timu. Hakutaka kuwa mtu aliyekuja kuiharibu wiki mbili kabla ya mashindano.

Akaufuta ule mstari. Mahali pake akaandika kwamba Afra ni tegemeo la timu na matumizi yake yasimamiwe kwa uangalifu. Habari ya Mazoon aliibakisha, lakini bila ya neno kupumzika.

Hadeel aliisoma ripoti siku hiyohiyo na akafurahi kuliko alivyotarajia yeyote. Mazoezi yakabadilika. Kila msichana alipiga mitupo ya adhabu hamsini kabla ya kwenda nyumbani. Mazoon akaanza kupewa mpira akibanwa na watu watatu, na akautoa. Siku moja, wamesimama pembeni, Hadeel akauliza bila kugeuka, macho yakiwa uwanjani:

“Huyu Afra, kuna kitu?”

Nafasi ilikuwa hiyo. Hapakuwa na Thabit pale, wala karatasi, wala Afra wa kusikia.

“Anachoka tu,” Nasriya alisema.

Mashindano yalichukua siku nne, kwenye ukumbi uliokodiwa, na familia zilijaa na vyupa vya kahawa na watoto. Mechi ya kwanza walishinda kwa pointi ishirini. Nasriya alikaa benchi, koti limefungwa mpaka shingoni kwa ubaridi wa ukumbi, na wasichana walipotoka uwanjani walikuwa wakimpa mikono mmoja mmoja kama walivyowapa wenzao. Nusu fainali walikutana na timu iliyowabana uwanja mzima kuanzia dakika ya kwanza. Mwezi mmoja nyuma wangevunjika. Sasa Mazoon aliingia robo ya pili, akautoa mpira mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na wale waliobana wakachoka wao. Mwishoni mechi iliamuliwa kwa mitupo sita ya adhabu, na wasichana wake wakaipiga yote sita. Hadeel akamkumbatia mbele ya watu. Nasriya aliendesha gari kurudi Hail akilia na kucheka, ameteremsha vioo na joto lote lile, na akampigia binti yake simu akamsimulia kila mpira.

Furaha ile ilikuwa ya kweli. Hakuweza baadaye kujidanganya kwamba haikuwepo.

Fainali ilikuwa Alhamisi alasiri. Wateuzi wa timu ya taifa walikuwa wamekaa safu ya tatu, wanawake wawili na mwanamume mmoja, kila mmoja na daftari. Afra alicheza robo mbili za kwanza bila kupumzika. Wakati wa mapumziko alikaa mwisho wa benchi, kitambaa juu ya goti, na Nasriya akaona anavyolibana kwa mikono miwili. Macho yao yakakutana. Afra akamtikisia kichwa, kidogo tu, kama mtu anayemkumbusha mwenzake ahadi. Nasriya akatazama daftari lake.

Robo ya tatu ilipobaki na dakika nne, walikuwa mbele kwa pointi tisa. Afra akaupata mpira pembeni. Mpinzani wake alikuwa ameshajua, kama watu wote walivyokuwa wamejua kufikia siku ile, kwamba anakwenda kulia, akasimama kulia. Kushoto kukawa wazi, njia nyeupe mpaka kwenye kikapu. Zaidi ya mwezi Afra hakuwa ameipita njia hiyo. Siku ile, mbele ya safu ya tatu, akaipita. Akaingia, akaruka, mpira ukaingia vizuri kabisa, na akatua kwa mguu wa kushoto.

Waliokuwa mbali walisema baadaye kwamba hawakusikia kitu. Nasriya alilisikia goti. Alikuwa amesimama kabla Afra hajagusa chini, na Mazoon, aliyekaa karibu naye, alimtazama yeye kwanza kabla ya kutazama uwanjani, akashangaa mama huyu kajuaje.

Walimtoa kwa machela. Mama yake, Sabah, alishuka kutoka kwenye viti akiwa ameshika kiatu chake kimoja mkononi. Hadeel akamwingiza Mazoon, kwa kuwa hakuwa na mwingine. Na hapo ndipo lilipotokea lile lililomla Nasriya kuliko yote. Mazoon aliucheza mchezo wote uliobaki, dakika kumi na nne, kwa utulivu wa mtu anayepanga vyombo kabatini. Hakufunga sana. Aligawa mipira, akawapunguza kasi wapinzani, akapiga mitupo yake ya adhabu ikaingia. Walishinda kwa pointi kumi na tatu. Yaani bila ya Afra waliongeza mbili.

Ilikuwa imeandikwa kwenye ripoti ya mwanzo. Mtu wa akiba yupo, anaweza, Afra apumzike. Kurasa zilikuwa sahihi mpaka kwenye ushindi wenyewe.

Kwenye picha ya kombe, iliyotundikwa mlangoni pa chuo wiki iliyofuata, Nasriya amesimama pembeni na mkono wake umegusa ukingo wa kombe, kwa sababu wasichana walimvuta. Thabit yumo pia, katikati.

Habari za hospitali zilifika Jumapili. Kano la ndani ya goti limekatika na gegedu limechanika. Daktari alisema jeraha si la siku moja, kwamba goti lile lilikuwa limeumia zamani kidogo, na lingepumzishwa wiki chache pengine lingepona bila kisu. Sasa angepasuliwa, na kucheza tena kwa kiwango kile asitarajie.

Thabit alimpigia simu mchana wa siku ileile. Alisikitika sana, kwa maneno mazuri, akamwombea msichana. Kisha akauliza kama ile ripoti ya mwanzo, ile aliyoisoma yeye, bado ipo mahali popote. Nasriya akasema aliichana. Thabit akasema vizuri, akaaga. Hadeel naye hakuuliza lolote. Nasriya alimwona siku moja mezani kwake ameifungua ripoti kwenye ukurasa wa tatu, kidole juu ya ule mstari uliopunguzwa, halafu akaifunga na kuitia kwenye droo. Walisalimiana. Nasriya alielewa kwamba Hadeel alikuwa ameshajua, na kwamba hatauliza, kwa kuwa akiuliza itabidi naye ajibu jambo: yeye ndiye aliyekuwa akimtazama Afra kila siku uwanjani.

Wiki mbili baada ya kupasuliwa, Nasriya alikwenda Darsait. Nyumba ya akina Afra ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri vya viyoyozi. Sabah alimpokea kama anavyopokewa mtu wa nyumbani, akamketisha, akaleta kahawa, tende na vitumbua alivyochoma asubuhi ile. Afra alikuwa kwenye kochi, mguu juu ya mito miwili, nywele zimefungwa ovyo. Alikuwa amekonda.

Sabah alizungumza sana, kwa Kiswahili cha nyumbani. Alisema watu wengi walikuja siku za mwanzo, sasa hawaji. Alisema mkuu wa chuo alileta maua.

“Nna jambo nataka nikwambie, dada,” alisema. “Huyu mtoto kila siku alikuwa akija na jina lako. Khala Nasriya kasema hivi, Khala Nasriya kaona vile. Mie nikajua huko yupo mtu mzima anayemwangalia. Nikatulia.”

Nasriya akaweka kikombe chini. Hakuwa amekuja kuungama. Alikuwa amekuja kujulia hali, akae nusu saa, arudi. Lakini baada ya maneno yale hakuweza kuinuka. Akasema. Alisema kwamba aliliona goti wiki tatu kabla, kwamba aliliandika, na kwamba aliufuta mstari kwa mkono wake. Hakumtaja Thabit. Akasema Hadeel alimwuliza, naye akajibu msichana anachoka tu. Alizungumza akiyatazama mazulia, kwa sauti ya chini, na alipomaliza zilisikika nyundo za mafundi chini.

Sabah aliinuka. Alichukua sahani ya vitumbua, akaifunika kwa kawa, akaipeleka jikoni, na hakurudi.

Nasriya akamgeukia Afra. Akamwambia kwamba alifanya vile kwa kuwa Afra mwenyewe alimwomba, na hapohapo akaona aibu ya kusema hivyo.

Afra alikuwa akiuvuta uzi kwenye mto. Hakuwa na hasira usoni, na Nasriya angeshukuru kama angekuwa nayo.

“Nilikuomba,” alisema. “Nilikuwa naogopa, Khala. Nilikuomba wewe na si mwingine kwa sababu nilijua utanikatalia. Nilitaka mtu anikatalie.”

Nasriya akainuka. Akavaa viatu vyake mlangoni peke yake. Sabah alitokeza jikoni, akamsindikiza mpaka kwenye ngazi kama heshima inavyotaka, na akamwambia karibu tena, kwa Kiarabu.

Afra alirudi chuoni baada ya miezi minne, kwa magongo, kisha bila magongo. Alihamia masomo mengine. Karatasi zake za ruhusa za hospitali ilibidi zipite kwa Nasriya, kwa hiyo walionana kila mwezi. Alikuwa akiingia, anaweka karatasi mezani, anangoja muhuri. Alimwita Ustadha, kama anavyoitwa mfanyakazi yeyote. Alimshukuru kila mara. Nasriya alikuwa na maneno aliyoyatayarisha, na kila mara muhuri uliyatangulia.

Hadeel, kwa sababu ya kombe, alipata kazi kubwa zaidi mahali pengine na akaondoka na maneno mazuri ya kuaga. Koti la buluu Nasriya alilipeleka kwa dobi pamoja na jezi, na lilipochelewa kurudi hakuliulizia.

Msimu uliofuata akaja kocha mpya, akamwomba ripoti kama ile iliyosifiwa mwaka uliopita. Nasriya akaiandika. Safari hii hakumwonyesha Thabit, na hakufuta kitu. Aliandika kwamba mmoja wa wasichana, mrushaji wao mzuri wa mbali, anaumwa bega, na asipopimwa asicheze. Maneno hayo aliyapigia mstari chini. Kocha mpya akamwita, akamshukuru, akasema atalifikiria. Msichana hakupimwa, akacheza mashindano yote, na bega halikupata lolote. Timu ilishika nafasi ya tatu.

Mashindano yalipokwisha, kocha alimwambia Nasriya kwa upole, mbele ya wasichana wawili waliokuwa wakikunja jezi, kwamba wakati mwingine mtu akikaa na vitabu sana huanza kuona vitu ambavyo havipo. Wale wasichana wakacheka kidogo, si kwa ubaya. Nasriya akasema inawezekana, akaendelea kuzihesabu jezi.